Dhana ya "Mchimbaji Mdogo" katika Sera za Mageuzi ya Uchumi: Uhakiki wa Hali ya Bulyanhulu na Geita

Uhakiki huu unachunguza namna sera za mageuzi ya uchumi zinavyomtazama mchimbaji mdogo. Sheria ya Madini ya 1998 ilitoza mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Marekebisho ya 2017 yaliufikisha asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za migodi mikubwa. Masoko ya madini ya 2019 yalimpa mchimbaji mdogo mahali pa kuuzia, si ulinzi wa eneo lake. Swali lililoibuliwa na kuondolewa kwa wachimbaji Bulyanhulu mwaka 1996 halijajibiwa. Neno "mdogo" hupima mtaji na kuficha utangulizi. Inapendekezwa haki za waliotangulia zitambuliwe kabla ya leseni kubwa kutolewa.