Kicheko na Hoja katika "Ndoto ya Sultana"

Mwaka 1905 jarida moja la wanawake lililotolewa Madras, nchini India, lilichapa hadithi fupi ya Rokeya Sakhawat Hossain (1880-1932), mwanamke Mwislamu wa Bengali aliyelelewa katika utawa, yaani desturi ya kuwaweka wanawake ndani wasionekane na wanaume wa nje. Hadithi hiyo, "Ndoto ya Sultana", iliyoandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi husomwa kama ubashiri wa sayansi, kwa kuwa ndani yake watu hupikia joto la jua na kusafiri hewani. Usomaji huo si wa makosa, lakini huacha kando jambo la msingi: hadithi hiyo inachekesha, na kicheko chake ndicho hoja yake.

Msuko wake ni mwepesi. Sultana anasinzia kitini, kisha anaongozwa na Dada Sara hadi Nchi ya Mabibi, ambako wanaume ndio waliotawishwa. Wanapika na kulea watoto, na mgeni wa kike anapotaka kulitazama jiko huamriwa kwanza waondoke. Wanawake nao wanatawala, wanafundisha na kufanya utafiti katika vyuo vikuu.

Ufundi wa mwandishi ni kwamba habuni hoja mpya. Anazichukua zile zinazosemwa kila siku sebuleni na ofisini, kisha anazifuata hadi mwisho wake. Husemwa kwamba mwanamume atawale kwa kuwa ana nguvu. Sara anajibu kwamba simba ana nguvu kumshinda mtu, wala hatawali watu. Husemwa kwamba ubongo wa mwanamume ni mkubwa. Ule wa tembo ni mkubwa zaidi. Husemwa kwamba mwanamke afungiwe kwa usalama wake. Sara anauliza kama ni busara kuwafungia wenye akili timamu na kuwaacha wenye wazimu watembee huru. Hata kazi ya ofisini inapigiwa hesabu: anayevuta sigara 12 kwa siku, kila moja kwa nusu saa, amepoteza saa 6. Msomaji hucheka, halafu hugundua kwamba hesabu haina kosa.

Hata hivyo, kuna mahali kejeli inapolegea. Baada ya wanaume kufungiwa, uhalifu unakwisha na polisi hawahitajiki tena. Hapo kioo kinageuka mahubiri, kwani wanawake wote wamefanywa wema kwa pamoja, kama vile walivyokuwa wakifanywa dhaifu kwa pamoja. Lakini gereza lililobadilishwa wafungwa si pendekezo la serikali mpya. Lipo ili ukuta wake uonekane na wale ambao hawakuwahi kuwa ndani yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hadithi hii ina mtihani wa pekee. Wapita njia wanamcheka Sultana kwa kuwa ana tabia ya kiume, yaani ni mwoga na mwenye haya. Katika Kiswahili, "kiume" hubeba ushujaa. Anayelia huhimizwa ajikaze kiume. Mfasiri hana budi kuliacha neno hilo lilivyo, bila kulilainisha, ili msomaji ajikwae nalo. Na anayetaka kuiendeleza ndoto hiyo kwa lugha yetu atakutana na kitenzi kigumu zaidi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiswahili, ambacho hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi "yeye", hapa kimekwisha kuamua nani atende na nani atendewe. Katika Nchi ya Mabibi, sentensi "Juma ameolewa" ingekuwa habari ya kawaida. Anayeicheka sentensi hiyo na ajiulize anacheka nini hasa: kosa la sarufi, au desturi ambayo sarufi imekuwa ikiitunza bila kuulizwa?