Kasisi Mwovu Aliyeanza kwa Wema: Funzo la Usawiri wa Wahusika

Aghalabu mwanafunzi anapotunga kisa chenye kiongozi mwovu wa dini, hutuletea mhusika yuleyule: ana kitambi, anaiba sadaka na kuwanyemelea waumini tangu aya ya kwanza. Nasi huandika pambizoni, "mhusika bapa", tukasonga mbele. Je, tumemwonyesha mtahiniwa jinsi mhusika duara anavyofinyangwa?

Mfano mzuri ni Claude Frollo katika Notre-Dame de Paris, riwaya ya Mfaransa Victor Hugo iliyochapishwa mwaka wa 1831. Mandhari yake ni mji wa Paris mwaka wa 1482. Frollo ni shemasi mkuu, msomi aliyetoka katika ukoo wenye milki. Tauni ilipowaua wazazi wake, alimlea mdogo wake aliyekuwa angali mchanga. Baadaye alimchukua Quasimodo, mtoto mwenye ulemavu aliyetelekezwa kanisani na kuchukiwa na waliomwona. Huruma hiyo haikuwa ya kuigiza.

Kisha anamwona Esmeralda akicheza ngoma uwanjani. Nadhiri yake haimruhusu kupenda, naye hajui kupenda nusunusu. Anamdunga kisu askari anayependwa na msichana huyo, halafu ananyamaza msichana anaposhtakiwa kwa kosa hilo. Anaahidi kumwokoa iwapo atamkubali. Anapokataliwa, anamwacha anyongwe. Muda wote huo anasingizia majaaliwa, neno alilolichonga ukutani kwa Kigiriki.

Hapa ndipo penye ufundi. Ari ileile iliyomfanya mlezi mwema ndiyo inayomfanya muuaji. Kumwita "mnafiki" tu, kama watahiniwa wengi wanavyofanya wakijibu maswali ya sifa za wahusika, hakutoshi. Mnafiki hujifanya mwema. Frollo alikuwa mwema kweli kabla ya kuporomoka. Filamu ya katuni ya Disney ya mwaka wa 1996 ilimgeuza kuwa hakimu ambaye nusura amtupe mtoto huyo kisimani. Kwa maoni yangu, hapo alipungua: huruma yake ya awali ilipoondolewa, anguko lake nalo likatoweka.

Mwalimu mwenzangu, kabla wanafunzi hawajaandika, waulize maswali matatu. Mhusika huyu anapenda nini kwa dhati? Anavunja nadhiri gani? Anajitetea vipi moyoni mwake? Asiyeweza kuyajibu bado hajampata mhusika. Amepata kinyago tu.

Suala hili linapita alama za mtihani. Mtoto tuliyemzoesha kwamba mwovu hujulikana kwa sura yake hatamshuku yule anayemlipia karo na kumwombea kila Jumapili. Fasihi inayomwonyesha wema na uovu vikikaa katika joho moja humfungua macho mapema, kabla dunia haijamfunza kwa machungu.