Ufundi wa Kusoma Noti Iliyokufa

Mjini Goma kila mtu ni mkaguzi wa noti. Kambisti, yaani mbadilisha fedha, wa Birere huinua dola juani, akaipapasa kingo, na akiona mpasuko mdogo tu hukurudishia. Tangu benki zilipofungwa, waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, faranga zimezunguka mikononi hadi zikalegea kama kitambaa, na macho ya watu yamezidi ukali. Lakini yuko mkaguzi mwingine, yule anayechunguza noti isiyonunua hata kiberiti: mtunza noti za zamani. Ufundi wake ninausifu.

Mpe noti, naye ataishika kwa kingo. Atautafuta mkunjo wa katikati, matundu ya pini na alama ya maji. Kisha atasoma tarehe, sahihi ya gavana, namba, hadi herufi ndogo za chini. Faranga 100 zipo zenye HdM, zilizochapwa Kinshasa, na zenye G&D, za kampuni ya Munich. Mikononi mwa muuza nyanya ni noti moja. Katika orodha iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, kila moja ina nafasi yake.

Fundi huyu hadanganywi na uzee wala wingi wa sifuri. Noti ya zaire milioni 5, yenye sura ya Mobutu, ilitoka mwishoni mwa 1992. Waziri Mkuu wa wakati huo, Tshisekedi, aliikataa. Januari 1993 askari walilipwa kwayo, wenye maduka wakaikataa, Kinshasa ikaporwa. Mwaka huohuo zaire milioni 3 zikafanywa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Piga hesabu: noti 60,000 za milioni 5 ndizo zilizotimiza faranga moja, ilhali mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Kwa kuwa noti za Mobutu zimebaki tele, nyingi zina bei ndogo. Za Katanga iliyojitenga, zenye uso wa Moïse Tshombe, huwaniwa zaidi, maana nchi ile haikufikisha miaka mitatu.

Thamani nyingine haimo katika orodha yoyote. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilibatilishwa ghafla, watu wakapewa siku chache za kuzibadilisha. Aliyekuwa mbali na benki alibaki na karatasi. Noti hiyo ikiwa imekunjwakunjwa kwa kufichwa, mnunuzi wa ng'ambo ataipunguzia bei, na ana haki. Fundi mwadilifu atakutajia bei hiyo bila kuificha, kisha atakuuliza ilikuwa ya nani.

Basi ukikuta noti za Zaire katika sanduku la bibi, usizioshe, usizipige pasi, usizigundishe, utaziharibia bei. Zitie kwenye bahasha kavu, na juu ya bahasha uandike alizipataje na kwa nini hakuzibadilisha. Muulize leo, angali hai.