Nani Amwendee Nani? Kiti cha Kinyozi katika Maandishi ya India

Chandu ni mtoto wa kinyozi katika kijiji kimoja cha Punjab. Baba yake amekwisha kufariki, na kazi ya urithi imemwangukia yeye: kila asubuhi huchukua wembe, bakuli na sabuni, akapita mlango kwa mlango kuwanyoa wakubwa wa kijiji. Siku moja anavaa kilemba cheupe na koti kwa kumwiga daktari, na katika hali hiyo anakwenda nyumbani kwa mwenye ardhi. Anafukuzwa kwa matusi na kuamriwa akavae nguo zinazolingana na uduni wake. Chandu anaondoka, na tangu siku hiyo hamnyoi tena mkubwa yeyote. Ndevu zinaota, mashavu yanachakaa, kijiji kinaanza kucheka. Mke kijana wa mwenye ardhi anatishia kuondoka. Wakubwa wanapojaribu kumleta kinyozi wa kijiji kingine, naye amekwisha kuzungumza na Chandu. Mwisho wa hadithi, vinyozi wa vijiji vya jirani wameungana na kufungua duka lao barabarani, na anayetaka kunyolewa hana budi kulifuata.

Hii ndiyo hadithi ya Mulk Raj Anand, "The Barber's Trade Union", iliyoupa jina mkusanyiko wake wa mwaka 1944. Wengi huisoma kama kichekesho, na kichekesho kimo. Lakini Anand ameona jambo ambalo wasifuji wengi wa duka la kinyozi hawalioni, nalo ni kwamba duka lenyewe lilikuwa mgomo. Kabla ya duka, kinyozi ndiye aliyetembea. Baada ya duka, anayetembea ni mteja. Mageuzi yote ya hadithi yamo katika kugeuza njia hiyo moja.

Uzito wa mageuzi hayo haueleweki bila kujua kinyozi wa kijijini alikuwa nani. Katika utaratibu wa zamani, ambao wataalamu huuita jajmani, kila familia ya kinyozi ilikuwa na nyumba zake za kuhudumia, kizazi hadi kizazi, na ujira wake haukuwa fedha ya kila kichwa bali sehemu ya nafaka wakati wa mavuno. Wembe ulikuwa nusu tu ya kazi. Kinyozi alipeleka barua za arusi, alichunguza ukoo wa mchumba, alinyoa nywele za kwanza za mtoto na kichwa cha mwana aliyefiwa na mzazi. Mkewe mara nyingi alikuwa mkunga. Kwa Waislamu wa huko jina lake ni hajjam, neno la Kiarabu lililotokana na kuumika, na watu wa visiwani waliowahi kuona chuku mgongoni mwa mgonjwa hawahitaji maelezo zaidi. Hajjam aliumika, alitahiri, akanyoa. Mtu mmoja alishika kazi ambazo pwani ya Afrika Mashariki iliwagawia kinyozi, mumishi na ngariba. Alijua siri za kila nyumba, na katika kila nyumba alikaa chini.

Hapo ndipo ajabu yake ilipo. Mkono unaoruhusiwa kushika koo la bwana ukiwa na chuma kikali ni mkono uleule usioruhusiwa kushika chombo chake cha maji.

Duka likabadilisha mambo, na hapana haja ya kulidharau. Mpita njia katika mtaa wowote wa mji wa India hukutana nalo: chumba chembamba, vioo viwili vinavyotazamana hadi sura ya mtu inazaana bila kikomo, kiti chenye mto wa kuegemeza kichwa, picha za waungu au za Makka kulingana na mwenye duka, gazeti lililokwisha kupita mikono kumi, jiwe la shabu linalopitishwa shavuni baada ya wembe. Asiye na uwezo wa kukodi chumba hutundika kioo kwenye mti au ukutani mwa watu, akaweka kiti kimoja, na hilo nalo ni duka. Baada ya kunyoa huja kukandwa kichwa, champi, kazi ambayo Guru Dutt aliipa nafasi ya kudumu katika filamu yake Pyaasa ya mwaka 1957, alipompa Johnny Walker nafasi ya mkandaji anayetafuta riziki kwa mafuta na vidole vyake. Neno la Kihindi lenye asili moja na hilo ndilo Waingereza walilolichukua wakaliita shampuu na kulitia katika chupa. Mazungumzo ya dukani humo huanzia kriketi, yakafika kwenye bei ya vitunguu, yakaishia kwenye ndoa ya mtu ambaye hayupo. Ni baraza, ila baraza ambayo mmoja wa wasemaji hana budi kutulia kimya kwa kuwa wembe uko kooni.

Kutokana na picha hiyo kumezuka sifa inayorudiwa katika makala nyingi za kumbukumbu: kwamba kiti cha kinyozi hakimjui tajiri wala maskini, kwamba shuka ikisha kufungwa shingoni watu wote huwa sawa. Sifa hiyo ni tamu. Kasoro yake ni kwamba huandikwa na waliokwisha kukaa kitini.

Mtoto mmoja wa Satara, aliyezaliwa mwaka 1891, hakukaa. B. R. Ambedkar amesimulia katika kumbukumbu fupi iitwayo "Waiting for a Visa", aliyoiandika katika miaka ya 1930, kwamba utotoni mwake aliyewanyoa yeye na nduguze alikuwa dada yao mkubwa. Vinyozi walikuwapo mjini, tena wengi, na fedha ya kuwalipa ilikuwapo. Jambo lililokosekana ni kinyozi wa kukubali kumgusa mtoto wa wale walioitwa wasioguswa. Ambedkar hakulilia jambo hili. Alilitaja kwa sentensi chache, katika orodha ya mambo ambayo mtoto wa jamii yake aliyajua kabla ya kujua kusoma. Ukavu huo wa maandishi ndio unaomchoma msomaji. Mwandishi mwingine angemchora dada na mkasi, nywele sakafuni, machozi. Yeye alieleza sababu na kuendelea.

Ukurasa huo hauna budi kusomwa pamoja na ukurasa mwingine, wa Mohandas Gandhi. Katika tawasifu yake anaeleza jinsi kinyozi Mwingereza wa Pretoria alivyokataa kwa dharau kumkata nywele. Gandhi akanunua mashine ya kunyolea, akajikata mwenyewe mbele ya kioo. Mbele kukatokea vizuri kidogo, nyuma kukaharibika, na wenzake mahakamani wakamcheka. Kufikia hapo ni kisa cha kawaida cha ubaguzi wa Afrika Kusini. Kisha Gandhi anageuka na kumtetea kinyozi: mtu yule angewahudumia weusi angewapoteza wateja wake weupe, na sisi wenyewe nyumbani, anaendelea, haturuhusu vinyozi wetu wawanyoe ndugu zetu wasioguswa.

Kauli hii ina uadilifu mkubwa, na ina pengo. Uadilifu wake ni kukiri kwamba anayekataa si kinyozi peke yake. Kinyozi ni mtu wa chini anayeishi kwa hisani ya walio juu, na mlango wake hufungwa na mkono wa mteja aliyekwisha kukaa ndani. Pengo lake ni kwamba Gandhi alionja siku moja yale ambayo mtoto wa Satara aliyaishi, tena baada ya kuonja aliweza kununua mashine na kulifanya jambo kuwa somo la kujitegemea. Kwa Ambedkar mkasi wa dada haukuwa somo la kujitegemea hata kidogo. Wahakiki wanaozisoma kurasa hizi mbili kama ushahidi wa aina moja wanapoteza tofauti iliyo muhimu kuliko mfanano.

Na mtoto yule alilipa deni lake mahali pasipotarajiwa. Tarehe 29 Novemba 1948 Bunge la Katiba la India lilijadili ibara ya kukataza mtu kuzuiwa kuingia madukani kwa sababu ya dini, rangi, tabaka au jinsia. Mjumbe S. Nagappa akauliza: je, duka ni mahali pa kununua vitu tu, au ni pamoja na mahali pa kununua huduma, kama kwa dobi na kwa kinyozi? Ambedkar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandika rasimu, alijibu kwamba neno hilo linamhusu kila anayetoa huduma kwa umma, na kwamba haki inayokusudiwa si ya kuingia tu bali ya kuhudumiwa, madhali masharti ya huduma yamekubaliwa. Kuingia si kukaa kitini. Mtu anaweza kuruhusiwa kusimama mlangoni mpaka jua lizame. Katiba ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na ndani yake neno duka, ambalo Kiswahili na Kihindi vinalichangia kutoka chimbuko moja, lilibeba maana iliyopimwa na mtu aliyejua maana ya kukosa kinyozi.

Tukirudi kwa Anand, kasoro ya hadithi yake sasa inaonekana wazi. Msimuliaji ni rafiki wa Chandu, mtoto wa tabaka la juu ambaye mama yake anamkataza kumzoea mtoto wa kinyozi. Kwa jicho hilo Anand anaweza kumwona Chandu akidharauliwa na walio juu yake, na anaona vizuri. Ila jicho hilo halishuki chini zaidi. Hadithi haituonyeshi siku ambayo mtu aliye chini ya Chandu anafika kwenye duka jipya na kuomba zamu yake. Inashangaza, kwani huyu ndiye Anand aliyeandika Untouchable, riwaya ya mwaka 1935 inayofuata siku moja ya kijana mfagia vyoo. Alikuwa na wahusika wote wawili mkononi, Bakha na Chandu, na hakuwakutanisha.

Kugoma kwa wembe kulikuwa kumekwisha kutokea kwa namna pana kuliko alivyokuweka Anand. Mwaka 1890 vinyozi wa Bombay, wakichochewa na Narayan Meghaji Lokhande, mfuasi wa Jotirao Phule, walikutana na kuazimia kutowanyoa tena vichwa wajane, desturi iliyowafedhehesha wanawake wa matabaka ya juu. Chandu anakataa kwa sababu ametukanwa yeye. Wale walikataa kwa ajili ya wengine, na ujira wao ukiwa hatarini. Historia hapa imeitangulia hadithi.

Filamu nayo haikufika mbali zaidi. Billu ya Priyadarshan, iliyotolewa mwaka 2009 kutokana na filamu ya Kimalayalam Kadha Parayumpol ya mwaka 2007, inamwonyesha Irrfan Khan akiwa kinyozi fukara ambaye inasemekana alikuwa rafiki wa utotoni wa mchezaji filamu mashuhuri. Kijiji kilichomdharau kinaanza kumnyenyekea ghafla. Irrfan anaicheza aibu ya umaskini kwa utulivu unaozidi kimo cha filamu nzima. Ila filamu inataka ufukara wa Billu uonekane kama bahati mbaya ya kibiashara, viti vibovu na mshindani mwenye duka jipya, wala haigusi tabaka. Tabaka likaingia kwa mlango wa nyuma: jina la kwanza lilikuwa Billu Barber, na chama cha wenye saluni kikalalamika kwamba neno la pili ni tusi, hata likaondolewa, na mabango yaliyokwisha kutundikwa yakafunikwa. Kelele hizo juu ya neno moja zinafundisha mengi kuliko filamu yenyewe. Haziwezi kudharauliwa katika nchi ambamo Karpoori Thakur, mtoto wa kinyozi wa kijijini, alifika kuwa waziri mkuu wa jimbo la Bihar, mwaka 1978 akaanzisha mgao wa nafasi za kazi kwa matabaka yaliyoachwa nyuma, na akapewa nishani ya Bharat Ratna mwaka 2024, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Mwaka huohuo wa 2024, katika wilaya ya Koppal, jimbo la Karnataka, kijana wa Kidalit aliuawa ndani ya duka la kinyozi kutokana na ugomvi ulioanzia, kwa mujibu wa habari zilizotangazwa, kwenye suala la kunyolewa. Chombo kilichotumika kilikuwa mkasi.

Mfasiri atakayeitia hadithi ya Anand katika Kiswahili hatapata shida na wembe, wala na bakuli, wala na matusi ya mwenye ardhi. Atakwama kidogo kwenye jina la duka lao, refu la kujisifu, ambalo Anand amelitunga kwa dhihaka ya upendo. Katika jina hilo limo neno ndugu, na linawahusu wanaonyoa.