Alisi Kwenye Ukuta wa Darasa

Charles Dodgson, aliyejiita Lewis Carroll, alikuwa mhadhiri wa hesabu Oxford. Jambo hilo huonekana vizuri kitabu chake kikifunguliwa mbele ya watoto wa darasa la nne. Hadithi ya Alice, iliyotoka London mwaka 1865, husifiwa kwa ndoto na vituko. Mwalimu wa Wanyange, pale juu ya Ziwa Viktoria nje kidogo ya Jinja, atanufaika zaidi akiitazama kwa jicho la fundi: imejengwa kwa vipimo, mbio na kesi, na yote hayo watoto wanaweza kuyatenda wenyewe.

Kwa Kiswahili kitabu kipo tangu 1940, Sheldon Press ilipotoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Picha za asili za John Tenniel zilichorwa upya, Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nalo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wanahitaji vitabu vya kusomwa kwa hamu, si sarufi peke yake.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo somo linapoweza kufa mapema. Mtoto wa Jinja huanza shule kwa Lusoga, wa Mbale kwa Lumasaaba. Mtaala wa 2007 uliweka lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kikachukua nafasi. Kiswahili kinamfikia kikiwa lugha ya tatu. Kwa hiyo sura isimuliwe kwanza kwa ufupi kwa lugha ya nyumbani, halafu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili. Mtoto anayejua tayari kwamba Sungura amechelewa hatapotea sentensi ikirefuka. Na kabla ya kusoma, watoto waulizwe habari za sungura wanayemjua wao, yule mjanja anayewashinda wakubwa. Kisha wakutane na huyu mwenye saa na kizibao, anayetetemeka kwa hofu ya kuchelewa. Mjadala utaanza wenyewe.

Sasa vipimo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika sura ya kwanza Alisi anakunywa chupa na kubaki inchi 10. Katika sura ya pili amekula keki, amepita futi 9, kichwa kimegonga dari. Akifika kwa Kiwavi ni inchi 3 tu. Mwalimu achukue chaki na rula ya mita, kila kimo kiwekewe mstari ukutani: sentimita 25 hivi, sentimita 274, na kile kidogo cha sentimita 7 na nusu, karibu kabisa na sakafu. Mstari wa juu unataka mtu apande kwenye dawati. Watoto wajipime kando ya mistari hiyo, waseme nani yuko karibu na Alisi yupi, na ni Alisi wangapi wa inchi 3 wanaotoshea ndani ya yule wa inchi 9 anayeiendea nyumba ya Mtawala Mwanamke. Hilo ni somo la hesabu lililo ndani ya hadithi, halikubandikwa kwa nje.

Kwenye ile chupa mwalimu asimame. Alisi anaitazama kwanza kama imeandikwa kuwa ni sumu. Haoni neno hilo, anakunywa. Katika nyumba nyingi zetu mafuta ya taa na dawa ya shamba hukaa ndani ya chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote. Watoto waambiwe waziwazi kwamba kanuni ya Alisi haitoshi: chupa isiyojulikana haiguswi. Vivyo hivyo uyoga ambao Kiwavi anamwambia Alisi aule. Uyoga wa porini hauonjwi. Kuruka hapa kwa kuogopa kuiharibu hadithi ni kosa.

Mbio za sura ya tatu ni rahisi: uwanjani, kila mmoja anaanza apendapo na kuacha apendapo, mwishoni wote wamepewa ushindi. Watoto waliozoea kuambiwa kwenye ripoti wameshika nafasi ya ngapi watabishana sana. Waachwe wabishane, kwa Kiswahili.

Mashairi ndiyo magumu. Carroll alikuwa akipotosha kwa utani beti ambazo watoto wa Uingereza walikaririshwa shuleni, mojawapo ya Isaac Watts. Mtoto wa Wanyange hajui asili yake, basi mzaha haumfikii hata tafsiri ikiwa nzuri. Ushauri wangu ni kuyaruka, na badala yake darasa lichukue wimbo wa mchezo wanaoukariri wenyewe wakageuze maneno. Wimbo wa taifa na nyimbo za ibada zisiguswe. Kuna nyimbo nyingine tele.

Kesi ya mwisho wa kitabu iwekwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye kila mtoto anamjua, na vitobosha vya Malkia vilivyoibwa viwe kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Wazee 12 wa baraza waandike majina yao ubaoni wasije wakayasahau, kama kitabuni. Malkia akidai hukumu itoke kabla ya uamuzi, darasa lote limjibu, kila mtoto akitoa sababu yake moja.

Kitabu kina sura 12, sura moja kwa wiki inatosha muhula. Nakala moja inatosha darasa zima mwalimu akisoma kwa sauti. Wakuu wa shule wa Jinja na Mbale, inunueni hiyo moja.