Nobu Isiyozunguka

Nobu iliyo kwenye skrini ya kompyuta mara nyingi haizunguki. Kinachoonekana kuzunguka ni msururu wa picha ndogo zilizopangwa kama ukanda wa filamu, kila picha ikiwa na mshale uliosogea kidogo kuliko wa picha iliyotangulia. Programu huonyesha moja na kuficha nyingine zote. Aliyezichora alilazimika kujiuliza swali ambalo mtengenezaji wa nobu ya chuma hana haja nalo: mwanga unatoka wapi? Ukichukua picha moja na kuizungusha tu, mng'aro na kivuli vitazunguka pamoja nayo, na jicho litashtuka hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kilichomshtua. Kwa hiyo fundi hodari huacha mng'aro palepale juu na kivuli palepale chini. Kinachohama ni mshale na meno ya ukingoni. Ni kazi ya subira, tena hakuna anayeisifu. Mimi naisifu.

Wachoraji wa skrini wana ubishi wa miaka mingi: je, vidhibiti vya kwenye kioo viige vitu tunavyovishika kwa mikono, au viachane navyo kabisa? Sioni mahali pazuri pa kuuamulia ubishi huo kuliko programu za studio za muziki, kwa kuwa humo uigaji haukufa kama ulivyokufa kwingineko, na sababu za kutokufa kwake zinaonekana.

Ndani ya nobu halisi kuna upinde wa kaboni ambao haufiki kuwa duara kamili. Ndiyo maana huanzia saa moja, hupanda hadi saa sita, kisha huishia saa kumi na moja. Kwenye skrini hakuna kaboni, wala hakuna kinachozuia duara lisikamilike. Hata hivyo mafundi wameliacha lile pengo la chini, na wamefanya vyema, kwani pengo ndilo linaloonyesha mwanzo na mwisho. Prodyuza mwenye nobu nyingi za kugawa sauti kushoto na kulia hasomi namba moja moja. Hutupa jicho mara moja, na ule mshale usiosimama saa sita hujitokeza wenyewe. Hakuna namba iliyoandikwa inayoweza kumpa habari hiyo kwa haraka hivyo ndani ya nafasi ndogo hivyo.

Mkono, lakini, una mambo yake. Kipanya hakina vidole viwili vya kushika na kusokota. Mwaka 1999 Apple ilitoa QuickTime 4, na sauti yake ilipandishwa kwa gurudumu lililochorwa mfano wa lile la redio ya mfukoni. Gurudumu la redio limeumbwa kwa ajili ya kidole gumba. Kwa kipanya ilibidi uburute, uachie, urudi, uburute tena, ilhali mstari mmoja ulionyooka ungetosha. Walinakili kitu pamoja na usumbufu wake. Sasa tazama FL Studio, programu ya Kibelgiji iliyoanza kwa jina la FruityLoops. Nobu zake unazivuta juu au chini, na ukishikilia kitufe cha Ctrl zinakwenda polepole kwa marekebisho madogo. Jicho linaona duara, mkono unavuta mstari, na mtu huzoea upesi mno asikumbuke kwamba hapo pana mambo mawili tofauti. Huo ndio ufundi ninaousifu: kujua kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni geji ya sauti, ile ya mshale, inayoitwa VU. Mshale halisi una uzito, hivyo huchukua kama sekunde 0.3 kufika unapopaswa kufika. Mshale wa kwenye skrini hauna uzito hata chembe, ungeweza kuruka papo hapo. Mafundi wameuwekea uzito wa bandia kwa hesabu, ukachelewa vilevile. Kwa nini? Kwa sababu sikio nalo halipimi ukubwa wa sauti kwa kila kishindo cha kupita, linaukusanya kwa kitambo. Ule uzito wa chuma ulikuwa umesaidia kazi muda wote, na aliyeuhamishia kwenye kioo alikuwa ameuelewa kuliko aliyechora skrubu, kutu na mikwaruzo pembeni ya geji hiyohiyo.

Kwa hiyo sikusikitika mapambo ya ngozi yalipoondolewa kwenye skrini. Mwaka 2011 kalenda ya kompyuta za Mac ilivikwa ngozi ya kuchora, yenye mishono na mabaki ya karatasi iliyochanwa. Mishono ile haikumwambia mtu lolote kuhusu tarehe. Ila waliosafisha walipitiliza. iOS 7, mfumo wa simu za Apple, ilipokuja mwaka 2013, vitufe vingi vilivuliwa mpaka vikabaki maneno matupu, na Machi iliyofuata toleo 7.1 likaongeza chaguo la kurudishia vitufe maumbo yao. Umbo la kitufe halikuwa pambo. Lilikuwa likisema: hapa panabonyezwa.

Kuna wakati ambapo heshima ya ufundi ni kutoiga kabisa. FabFilter ya Amsterdam walipotoa programu ya Pro-Q mwaka 2009, hawakutegemea sanduku la nobu za kurekebisha besi na sauti za juu. Walichora mchirizi wa marekebisho yenyewe, ukaushika kwa nukta na kuuinua unapotaka. Nobu ya chuma haikuwahi kukuruhusu kufanya hivyo.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kila kinachoigwa huja na mazoea ya kwao. Safu ya visanduku 16 vya kupangia midundo katika FL Studio, iliyopangwa vinne vinne kwa rangi, inatokana na mashine za ngoma kama Roland TR-808 ya mwaka 1980 kutoka Japani, iliyokuwa na vitufe 16 vyenye rangi nne. Vijana wanaotengeneza singeli Dar es Salaam, biti zinazopita midundo 200 kwa dakika, wengi wao hawajawahi kuigusa 808. Kwao safu ile si kumbukumbu ya kitu chochote. Ndiyo ala yenyewe, na wameimudu vizuri. Lakini chakacha ya Mombasa inahesabiwa kwa tatu tatu. Ukitaka kuipiga humo, ni lazima kwanza ukabadilishe mipangilio, kwa kuwa safu hufunguka ikikuhesabia nne. Fundi anayejua kuhamisha uzito wa mshale hashindwi kuchora safu ya visanduku 12, rangi zake zikibadilika kila baada ya vitatu, ikafunguka hivyo tangu mwanzo kwa anayeitaka. Ningependa kuiona, na ningependa aichore mtu aliyekulia kwenye chakacha.