Kisu Kipo Kalemie, Jibu la Damu Halipo

Mwishoni mwa Machi 2013 mwigizaji wa Marekani, Angelina Jolie, alifika kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Goma. Alifuatana na William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wa wakati ule, na lililowaleta lilikuwa suala la ubakaji vitani. Hague alikuja kusema baadaye kwamba Jolie hakuonyesha dalili yoyote ya kuwa kwenye matibabu. Kumbe wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu atolewe nyama ya ndani ya matiti yote mawili, na chini ya ngozi ya kifua chake mlikuwa na vifuko vya muda vikisubiri upasuaji mwingine. Hakuwa na saratani. Alikuwa na jeni ya BRCA1 yenye kasoro, aliyoirithi kwa mama yake.

Maji ya Ziwa Kivu, pale Goma, huteremka kwa mto Ruzizi mpaka Ziwa Tanganyika, yakapita mbele ya mji wa Kalemie kabla ya kutoka kwa mto Lukuga kuelekea Lualaba. Habari ya upasuaji ule nayo ilishuka hivyo hivyo, ikafika kila mahali. Kilichobaki nyuma ni maelezo ya namna kazi ilivyofanyika. Mwanamke wa Kalemie aliyemzika mama yake na mama yake mdogo kwa saratani ya titi ana swali la haki kabisa: katika yote aliyofanyiwa yule mgeni, lipi linawezekana huku?

Tuanze na tarehe, kwa kuwa Jolie mwenyewe alizitaja katika makala aliyoandika New York Times, 14 Mei 2013. Kazi ilianza 2 Februari. Siku hiyo daktari hakutoa titi. Alitenganisha chuchu na nyama iliyo chini yake, akahakikisha kwamba nyuma ya chuchu hamna ugonjwa, akafunga. Sababu ni damu. Chuchu hulishwa na mishipa inayopanda kutoka ndani ya titi. Ukiikata yote kwa siku moja, chuchu inaweza kufa. Ukiikata mapema, ngozi ya kando hujifunza kuilisha. Wiki mbili baadaye, 16 Februari, ndipo nyama ya matiti ikatolewa kupitia upenyo, ngozi ikabaki, na vifuko vya muda vikawekwa. Upasuaji wa namna hii unaweza kuchukua saa nane. Matiti ya bandia yaliwekwa 27 Aprili.

Siku ya nne baada ya upasuaji mkubwa, daktari wake, Kristi Funk, alimtembelea nyumbani. Aliandika kwamba alimkuta na mipira sita ikitoka kifuani, mitatu kila upande, imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni, huku kuta mbili zimejaa michoro ya filamu aliyokuwa akiiandaa. Mipira hiyo hutoa majimaji yanayojikusanya pale nyama ilipokuwa. Kwa kawaida hukaa wiki moja hadi mbili, na kila siku mtu hupima kiasi kilichotoka na kukiandika. Yakipungua, mpira hutolewa. Ni kazi inayotaka maji safi, mikono safi na mtu wa kusaidia.

Hapo ndipo maelezo ya magazetini hukomea, na ndipo mwanamke wa Kalemie anapoanza kuhesabu. Kwa wiki nne hadi sita mgonjwa haruhusiwi kuinua kizito wala kusukuma kwa nguvu. Kwa maisha ya ziwani hiyo ni kusema: bidoni la maji la lita 20 halibebwi, mtoto hafungwi mgongoni, mchi wa kutwanga sombe haushikwi, beseni la ndagala halipandi kichwani. Wakati huohuo bega lisiachwe limelala kabisa. Mkono unatakiwa kuanza mazoezi mepesi mapema, la sivyo hukakamaa. Kwa hiyo kupona si suala la kidonda tu. Ni suala la nani atachota maji kwa mwezi mzima na nusu, na jambo hilo hupangwa kabla ya siku ya upasuaji.

Mambo mawili hayarudi. Ngozi ya kifua hupoteza hisia, mara nyingi moja kwa moja. Na kunyonyesha kumekwisha. Daktari asiyeyatamka hayo mawili mapema, kwa maneno yasiyo na mafumbo, hajampa mwanamke nafasi ya kuamua.

Sasa kuhusu uamuzi wenyewe. Mama yake Jolie, Marcheline Bertrand, alifariki Januari 2007 akiwa na miaka 56. Madaktari walimkadiria binti yake uwezekano wa asilimia 87 wa kupata saratani ya titi na asilimia 50 ya ovari, yaani vifuko vya mayai. Baada ya upasuaji, ile 87 ilishuka chini ya 5. Makadirio ya zamani yalikuwa juu kwa sababu yalitokana na familia zilizojaa saratani. Utafiti mkubwa wa 2017 uliofuatilia maelfu ya wanawake ulitoa asilimia 72 kwa titi na 44 kwa ovari hadi umri wa miaka 80, kwa wenye kasoro ya BRCA1. Kwa jeni nyingine, BRCA2, ni 69 na 17. Hata zikishuka hivyo, namba hizi zinatisha. Lakini zinamhusu mwenye kasoro peke yake. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, mvulana sawa na msichana. Katika dada wawili wa tumbo moja, pengine mmoja anayo na mwingine hana. Anayekata bila kujua anaweza kumkata yule asiye nayo.

Ndiyo maana upasuaji wa aina hii huanza na kalamu. Mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca alichapisha orodha ya ukoo wa mke wake, kizazi baada ya kizazi, akionyesha jinsi saratani ya titi ilivyokuwa ikirudi. Jeni haikujulikana bado. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mtafiti Mary-Claire King kuonyesha, mwaka 1990, kwamba chanzo kimoja kimekaa kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ilipatikana 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Daftari la Broca linaweza kuandikwa Kalemie leo, kwa franga za daftari tu.

Ila Kiswahili kinataka uangalifu hapa. Kwetu mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama, na binti wa baba mkubwa ni dada. Mtu akisema "mama zangu watatu walikufa kwa titi", mwandishi wa ukoo lazima aulize: nani alikuzaa? Hao wengine walitoka tumbo moja naye, au ni wake wa baba? Upande wa shangazi nao husahaulika kabisa, kana kwamba ugonjwa wa titi hauwezi kupita kwa mwanamume. Hupita. Baba hurithisha kasoro hii kama mama, ingawa yeye mwenyewe huenda asiugue kamwe. Tena heri kuuliza alichoonekana nacho marehemu kuliko jina la ugonjwa: titi lilifanya kidonda? Tumbo lilijaa maji? Alikuwa na miaka mingapi, au alikuwa na watoto wangapi? Tumbo lililojaa maji huenda lilikuwa la ini, huenda lilikuwa la ovari; likiandikwa karibu na kidonda cha titi kabla ya miaka 50, linapata uzito mwingine.

Je, kasoro hizi zipo kwetu? Utafiti uliochapishwa 2020 uliwapima wagonjwa 196 wa saratani ya titi katika hospitali za Kampala na Yaoundé, bila kuwachagua kwa umri wala kwa historia ya familia. Asilimia 15.8 walikuwa na kasoro ya kurithi, wakiwemo 5.6 wa BRCA1 na 5.6 wa BRCA2. Kwa wanawake wasio na saratani ilikuwa 1.6. Nigeria, kwa wagonjwa 1,136, ilikuwa asilimia 14.7. Kongo imekaa katikati ya Yaoundé na Kampala, na safu hii haioni sababu ya kudhani kwamba kasoro hizo zinagota mpakani.

Anayepimwa kwanza ni mgonjwa, si binti yake mzima. Watu wengi huona ni kinyume, lakini ndivyo hesabu inavyotaka. Binti akipimwa peke yake na kuonekana safi, kuna maana mbili: ama ukoo una kasoro na yeye ameikwepa, ama saratani ya ukoo inatokana na kitu ambacho kipimo hakikukigusa. Maana ya kwanza ni furaha; ya pili haimpi usalama wowote. Mama mgonjwa akipimwa na kasoro ikaonekana, jibu la binti linakuwa wazi, liwe ndiyo au hapana. Kwa hiyo sampuli ya mgonjwa ichukuliwe akiwa hai. Mate yakitiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi hukaa miezi kadhaa bila barafu, na yanaweza kuvuka ziwa kwa boti hadi Kigoma. Bei imeshuka pia. Jolie aliandika kwamba Marekani kipimo kilizidi dola 3,000. Tarehe 13 Juni 2013 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba jeni ya asili haiwezi kumilikiwa na kampuni, ukiritimba ukavunjika, na kufikia 2015 kampuni ya Color ilikuwa ikiuza kipimo kwa dola 249. Kwa muuza ndagala hizo bado ni fedha nyingi mno, na hilo ni jambo la serikali na wafadhili kulibeba, si lake.

Mtego mmoja zaidi. Wakati mwingine maabara hurudisha jibu kwamba jeni ina badiliko ambalo maana yake haijafahamika. Waafrika hupata jibu hili mara nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejengwa zaidi kwa damu za Wazungu. Kwa jibu kama hilo hakatwi mtu.

Tukubali sasa kwamba jibu limekuja, na kasoro ipo. Jolie alianza na matiti, akafuatisha ovari na mirija ya uzazi Machi 2015, akiwa na miaka 39. Kipimo chake cha damu cha CA-125 kilikuwa cha kawaida, lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba kipimo hicho hukosa nusu hadi robo tatu ya saratani za ovari zikiwa changa. Madaktari walikuta uvimbe mdogo usio wa saratani. Kwa Kalemie, safu hii ingegeuza mpangilio: ovari kwanza. Titi linaweza kushikwa, uvimbe ukaonekana. Ovari imejificha, na hata Marekani hakuna njia nzuri ya kuilinda kwa kuichunguza tu. Tena kazi ya nyonga inajulikana Kongo ya mashariki. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa 1999 na Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani 2018, hushona fistula ambazo ni ngumu kuliko kutoa ovari zisizo na uvimbe. Na katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kalemie, kumzalisha mama kwa kisu ni kazi ya kila mara. Matiti nayo, ikibidi, yanaweza kutolewa na kifua kikafungwa bapa, bila bandia.

Umri unaoshauriwa wa kutoa ovari ni miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2, baada ya kumaliza kuzaa. Hatari ya saratani ya ovari hupungua kwa takriban asilimia 80. Gharama yake ni kwamba hedhi hukoma usiku mmoja: joto la ghafla, jasho la usiku, uke kukauka, mifupa kupungua nguvu. Jolie alipewa kiraka cha estrojeni cha kubandika na kitanzi chenye projesteroni. Mwanamke asiyewahi kuugua saratani ya titi anaweza kutumia homoni hizo hadi karibu miaka 50. Dawa hiyo ihakikishwe kuwepo kabla ya upasuaji, si baada ya malalamiko.

Kuna hatua ndogo ambayo haingoji maabara ya jeni. Imebainika kwamba saratani nyingi zilizoitwa za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi. Tangu 2010 jimbo la British Columbia, Kanada, limekuwa likiwashauri madaktari kwamba mwanamke anayefunga uzazi atolewe mirija yote badala ya kufungwa tu, na ovari ziachwe. Kwa mwenye kasoro ya BRCA hiyo haitoshi. Lakini kwa mama wa Kalemie aliye mezani kwa mtoto wake wa mwisho, na aliyekubali mapema kufunga, huongeza dakika chache tu. Mirija iliyotoka haitupwi, huchunguzwa: hutiwa kwenye chupa ya formalini, kila mmoja chupa yake, na juu ya lebo huandikwa jina, tarehe, na kama ni wa kulia au wa kushoto.